Re: Namtafuta babu wa babu yangu, Wete

Dada, umeandika jina la babu kwenye FamilySearch, ule mtandao wa kutafutia ukoo, na hukupata kitu. Usivunjike moyo, kwetu ukoo hauna jina moja la kudumu kama Ulaya. Ali Khamis Makame ni Ali, mtoto wa Khamis, mtoto wa Makame, na kizazi kinachofuata Makame ashatoka. Kwa hiyo tafuta majina matatu, na kila moja kwa tahajia zote: Khamis, Hamis, Hamisi. Weka "bin" kisha uitoe. Mimi nilimsaka Athumani miezi mizima, kumbe kwenye hati ya shamba la mikarafuu karani kaandika Othman!

Lakini kabla ya intaneti, mrikodi bibi kwa simu. Usimuulize mwaka, atakubabaisha. Muulize: alikuwa ashaolewa Mapinduzi yalipokuja? Hapo una 1964 ya kuanzia, unahesabu kurudi nyuma. Muulize na jina la utani la babu, maana kijijini huenda ndilo pekee wanalolijua.

Halafu ingia mtandaoni katalogi ya Nyaraka za Taifa za Uingereza, zilizoko Kew, London. Kutafuta ni bure. Zanzibar ilikuwa himaya yao tangu 1890, ila mengi humo ni majalada ya serikali, si ya watu wadogo. Kwa hati za mashamba, wakfu na kesi, panda boti uje Unguja, Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Chukua kitambulisho na orodha yako ya tahajia.