Mstari Uuchore Mapema

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza nilikuwa nikiamuaje kazini ilhali sina uhakika, kwa kuwa hii ni wiki ya 3 unashindwa kuamua kama kiwanda chenu cha mikate kiendelee na mzabuni anayechelewesha unga au kitafute mwingine, na kila ukishika kalamu unaona heri usubiri taarifa moja zaidi.

Nami nilikuwa hivyo nilipoanza ukunga. Usiku mmoja, katika zahanati ya kijijini, mama mwenye uchungu wa uzazi wa kwanza mlango wake wa kizazi ulikuwa umefunguka sentimita 5, na baada ya muda wa saa 4 ulikuwa bado pale pale. Nilijua anahitaji rufaa, lakini niliogopa wenzangu wa hospitalini wataniona mwoga, nikasema nipime tena baada ya saa moja, kisha nyingine. Tulimfikisha alfajiri, alifanyiwa upasuaji akapona, na mtoto alizaliwa amechoka, akaokolewa kwa shida. Saa zile 2 huniuma mpaka leo, maana sikujua lolote jipya ndani yake.

Patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, ilikuwa mezani na sikuijaza. Ilikuwa na mistari 2 iliyochapwa kabla mzazi hajafika: wa tahadhari, uliopanda sentimita 1 ya kufunguka kwa kila saa, na wa kuchukua hatua, uliochorwa kulia kwake kwa umbali wa muda wa saa 4. Tangu usiku ule niliijaza kila mara, na alama ilipovuka mstari wa tahadhari niliita gari. Hofu haikuniisha, ila uamuzi ulikuwa umekwisha kufanywa na watu waliotulia, kazi yangu ikawa kuutekeleza.

Basi andika leo, kabla unga haujachelewa tena: akichelewa siku ngapi utampa onyo, na siku ngapi utaagiza kwingine. Hesabu kwanza mikate mnayokosa kuoka kwa kila siku ya kuchelewa, kwa sababu hesabu hiyo ndiyo itakayokuonesha pa kuchora mstari, kisha mpelekee mkuu wako atie saini. Taarifa unazozisubiri, ijaribu kila moja kwa kujiuliza itabadilisha nini ikifika. Isiyobadilisha kitu, iache. Tena kwenu kosa hurekebishika kuliko kwetu: waweza kuanza na magunia machache kwa huyo mpya.

Niandikie kabla ya Ijumaa uniambie umeweka siku ngapi.

Mama yako