Nusu siku Hiroshima: panda Hijiyama

Ndugu, umeuliza nusu siku uliyobakiwa nayo Hiroshima, ukishatoka Makumbusho ya Amani, uende wapi. Mimi ningepanda kilima cha Hijiyama. Ndani ya bustani ile kuna Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa, yaliyofunguliwa 1989, kazi ya msanifu Kisho Kurokawa. Sehemu kubwa ya jengo imefukiwa ardhini ili lisizidi miti kwa urefu, kwa hiyo usishangae ukilikuta dogo.

Kabla hujakata tiketi, simama kwanza kwenye uwanja wa duara mbele ya mlango. Paa lake ni kama pete iliyomegwa upande mmoja, na pale lilipokatika ndipo panapoelekea mahali bomu la 1945 lilipolipukia. Kisha inama utazame chini ya nguzo: mawe yale yalipigwa na mionzi ya bomu hilohilo. Wageni wengi hupita moja kwa moja, macho kwenye simu. Na kilima chenyewe ndicho kilichoikinga mitaa ya Danbara, upande wa pili, isiteketee kama katikati ya mji.

Maonyesho ya ndani hubadilika; mengine yatakukuna, mengine utajikuna kichwa. Nje kuna sanamu ya Henry Moore, tao kubwa ambalo unaweza kupita chini yake.

Shuka kituo cha tramu cha Hijiyama-shita. Ila Jumatatu kwa kawaida wanafunga, usije ukapanda mlima bure.