Kuripoti shaka ya unyanyasaji wa mtoto madrasa: je, bila mashahidi wanne ni kadhfu (kumtuhumu mtu zinaa bila ushahidi)?

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullah, Sheikh. Mimi ni mlezi wa watoto katika programu ya likizo ya madrasa moja hapa Uyole, Mbeya. Asubuhi ni Qur'ani, mchana qaswida na michezo, jioni wachache hubaki kwa hifdhi (kuhifadhi Qur'ani). Mvulana mmoja wa miaka 11 ameanza kukataa kubaki jioni, na ana simu ndogo ambayo kwao hawajui imetoka wapi. Juzi aliniambia kuwa ustadhi wa hifdhi humfanyia tabia mbaya na amemwambia akisema atasahau juzuu zote. Nilimweleza mudiri, mkuu wa madrasa. Akanijibu nilete mashahidi wanne, la sivyo nastahiki viboko themanini, tena Muislamu husitiriwa. Nifanye nini? Na nikiwa nimekosea, si nitakuwa nimemchafua mtu?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam warahmatullahi wabarakatuh, ukhti.

La haraka kwanza. Jioni ya leo mtoto huyo asiachwe na ustadhi huyo, na taarifa itoke kwako leo leo kwenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii, au kwa simu 116 ambayo ni ya bure na hupokewa usiku na mchana. Ukishafanya hayo, rudi usome yanayofuata.

Mudiri ameshika hukumu iliyo sahihi akaiweka pasipo mahali pake. Aya ya 4 ya Surat An-Nur inamhusu anayemtuhumu mtu zinaa kisha asilete mashahidi wanne, na wanazuoni wengi wameingiza humo tuhuma ya liwati, yaani kulawiti. Iliteremka ili heshima za watu zisichezewe kwenye vibaraza. Wewe hukukaa kibarazani. Kusema "fulani ni mlawiti" ni kutoa hukumu. Kusema "mtoto fulani, siku fulani, ameniambia maneno haya" ni kufikisha habari uliyoisikia kwa mwenye mamlaka ya kuichunguza. Atakayekuletea kisa cha mashahidi watatu waliochapwa zama za Sayyidna Umar (r.a.) katika shauri la Mughira aliyetuhumiwa zinaa, mkumbushe kuwa wale walisimama kuthibitisha hadd, yaani adhabu maalumu iliyowekwa na Sharia, na wa nne akasita. Wewe huombi hadd. Unaomba mtoto akingwe na jambo lichunguzwe.

Halafu tujiulize: nani huyatenda haya mbele ya watu wanne? Sharti la mashahidi wanne linafunga mlango wa hadd tu, halifungi mlango wa kadhi kutumia dalili nyingine na kutoa ta'ziri, adhabu anayoikadiria mwenyewe. Katika Surat Yusuf, aya ya 26 hadi 28, aliyetenda na asiyetenda walipambanuliwa kwa kanzu iliyochanika nyuma.

Kuhusu kauli ya mtoto, sisi Mashafi'i (wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi'i) hatuupokei ushahidi wake mbele ya kadhi. Imam Malik kwenye Muwatta amenukuu kuwa Abdullah bin Zubayr alikuwa akihukumu kwa ushahidi wa watoto katika majeraha yanayotokea baina yao. Lakini hata kwetu sisi, kutoupokea ushahidi mahakamani hakumaanishi kumwambia mtoto anyamaze. Na mahakama za nchi hii zina utaratibu wake: Sheria ya Ushahidi inamruhusu mtoto mdogo kutoa ushahidi akiahidi kusema kweli, na katika makosa ya kujamiiana hakimu anaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto aliyetendewa peke yake, akiridhika kuwa anasema kweli.

Kusitiri nako kuna mipaka. Hadithi ya kumsitiri Muislamu ni sahihi, ameipokea Muslim. Imam Nawawi, alipoisherehesha, alieleza kuwa inamhusu mtu mwenye staha aliyeteleza, dhambi yenyewe ikiwa imekwisha kupita. Anayejulikana kwa madhara, au aliye bado ndani ya kitendo, huyo hasitiriwi, bali huzuiwa na kufikishwa kwa wenye mamlaka. Nawawi huyo huyo, katika Riyadhu s-Salihin, ametaja mambo sita yanayohalalisha kumtaja mtu kwa analolichukia, na kutaka msaada wa kuondoa munkari (ovu) ni mojawapo. Mtume (s.a.w.) aliposema tumsaidie ndugu yetu akiwa dhalimu au amedhulumiwa, aliulizwa dhalimu anasaidiwaje, akajibu: kwa kumzuia asidhulumu. Kwa hiyo hata haki ya undugu ya huyo ustadhi inakutaka uripoti.

Na sheria ya nchi iko wazi. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na kifungu cha 95 kinampa kila mwanajamii mwenye taarifa kuwa haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuzifikisha kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Imesema taarifa, haikusema uthibitisho. Ruhusa ya mudiri huihitaji. Kumwambia mudiri ni adabu ya kazi, lakini hakuhesabiki kuwa umeripoti. Tena usimwambie ustadhi mwenyewe kabla ya polisi: atafuta meseji kwenye simu, atamtisha mtoto, au atapanda basi la Tunduma na jambo liishie hapo.

Umeuliza kama unaweza kuwa umekosea. Dalili peke yake hazithibitishi kitu. Mtoto hukataa darasa kwa sababu ya uvivu, simu ndogo inaweza kuwa ya rafiki. Anayelea watoto atazame mambo yanapokusanyika: hofu ya mtu mmoja mahususi, zawadi zisizo na maelezo, kukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, hifdhi inayoporomoka ghafla, kukaa kwa shida, maneno au michezo ya kimwili iliyozidi umri wake. Michubuko ya kucheza mpira hukaa kwenye magoti, ugoko na viwiko. Iliyo mgongoni, mapajani, makalioni, masikioni au shingoni inataka maelezo, na fimbo huacha alama mbili sambamba zenye weupe katikati. Kwetu Nyanda za Juu kuna taabu ya ziada: Juni na Julai watoto hushinda ndani ya masweta na hijabu nzito, hutaona kitu. Usimvue nguo kutafuta alama, hiyo ni kazi ya daktari. Na ujue watoto wengi waliotendewa hukutwa hawana jeraha lolote wanapopimwa, kwa hiyo neno la "hospitali haikuona kitu" halimfanyi mtoto kuwa mwongo.

Kwako wewe dalili zimekwisha kupitwa, kwa sababu mtoto amesema. Na kile kitisho cha kusahau juzuu ndiyo kufuli ya watu wa namna hii. Mdhalimu wa watoto mara nyingi huanza na mapenzi: darasa la ziada, lifti ya bodaboda, vocha, siri ndogo ndogo. Huwazoesha na wazazi na kamati ya msikiti mpaka aonekane mwema kuliko wote. Mwambie mtoto waziwazi kuwa Qur'ani haimtoki mtu kwa kusema kweli, na kwamba hana dhambi. Aliyelazimishwa hana dhambi, sembuse mtoto ambaye kalamu ya kuandika madhambi imeinuliwa kwake.

Akizungumza tena, msikilize mahali panapoonekana na watu lakini pasiposikika. Uliza swali lililo wazi, "nieleze kilichotokea," kisha nyamaza. Usimtilie jina wala kitendo mdomoni kwa kuuliza "ustadhi alikushika hapa?" Mwanasheria wa utetezi atalipenda sana swali hilo. Usiulize "kwa nini hukusema mapema?", maana atasikia kuwa unamlaumu. Usimwahidi siri; mwambie utawaeleza watu wanaoweza kumsaidia tu. Na msimwapishe kwa Msahafu. Nimeona kamati zikifanya hivyo zikidhani ni ucha Mungu, kumbe zinamwogofya mwenye kudhulumiwa.

Usiku huo huo andika: tarehe, saa, mahali, nani alikuwepo, na maneno yake kama alivyoyatamka, hata kama ni ya Kinyakyusa au Kisafwa. Usiyasafishe. Weka sahihi, ifunge bahasha, usiipige picha kwenda kundi la WhatsApp.

Sasa saa, kwa sababu hapa ndipo watoto wengi huponzwa. Ikiwa kitendo kimetokea ndani ya siku tatu, dawa za kinga ya VVU zianze kabla ya saa 72 kutimia. Kila saa inayopita inazipunguzia nguvu, na humezwa siku 28. Kwa msichana aliyevunja ungo kuna dawa ya kuzuia mimba hadi saa 120, na sioni dhambi kwa aliyelazimishwa kuitumia. Mtoto asiogeshwe wala nguo zisifuliwe kabla ya kupimwa. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi au khanga safi. Nailoni hutia unyevu na kuharibu ushahidi. Najua mama wengi hukimbilia ndoo ya maji kwa ajili ya janaba. Ambaye hajabaleghe hana swala ya faradhi inayompita, basi asubiri. Aliyebaleghe apimwe kwanza kisha aoge, na wakati wa swala ukimbana naona ana udhuru wa kutayamamu, kwa sababu kuoga kunapoteza haki isiyorudi.

Polisi watawapa PF3, fomu ya matibabu ya polisi, ya kwenda nayo hospitali. Aliyeumia vibaya atangulie hospitali, fomu imfuate. Penye kituo cha mkono kwa mkono, daktari, polisi na ustawi wa jamii hukutana mahali pamoja, na mtoto husimulia mara chache zaidi. Kwa aliye mbali, tuseme bondeni Mbarali au vijiji vya Chunya wakati wa masika, asingoje gari la kwenda mjini: ampigie 116, amwone mtendaji wa kijiji, na zahanati iulizwe dawa ya kinga inapatikana wapi karibu.

Wazazi waelezwe mapema, isipokuwa mtuhumiwa awe ndani ya nyumba hiyo. Na hapo utasikia "tuyamalize kifamilia": ng'ombe, bahasha, au msichana aozwe aliyemharibu. Sulhu ni nzuri katika haki za watu wazima walioridhia. Hii ni jinai ya Jamhuri, maelewano ya wazazi hayaifuti, na adhabu zake hufikia kifungo cha maisha. Wengine watataka isomwe halbadiri, dua ya kuapiza, ili mwenye makosa aumbuke. Huku wakisubiri aumbuke, saa 72 zimepita. Baya kuliko yote ni kumhamisha ustadhi kimya kimya kwenda madrasa nyingine Mafinga au Makambako na barua ya kumsifu. Aliyeandika barua hiyo anashiriki katika yatakayowapata watoto wa huko.

Ustadhi naye ana haki. Aondolewe karibu na watoto wote, si huyu mmoja tu, uchunguzi ukiendelea, bila kutangazwa mimbarini wala kuitwa mhalifu. Jina lake na la mtoto yabaki kwa wanaohusika. Akionekana hana kosa, hakuna aliyemkashifu. Akionekana ana kosa, kesi haikuharibiwa na uvumi.

Wenye madrasa na walimu wa Sunday school wanaosoma hapa wachukue hili pia: asiwepo mtu mzima peke yake na mtoto kwenye chumba kilichofungwa. Hifdhi ya jioni iwe ukumbini, mlango wazi, watu wazima wawili. Kambini wavulana na wasichana walale mbali na kila upande uwe na walezi wake, wala mlezi asishiriki godoro au blanketi na mtoto hata baridi iwe kali kiasi gani, ongezeni mablanketi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walipatwa na ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, kwa hiyo mwenye watoto arobaini asidhani programu yake imeepuka.

Ukifika polisi usiondoke bila namba ya RB, yaani ya kumbukumbu ya taarifa yako kituoni, na uandike jina la askari aliyekupokea. Wiki ikipita bila mtoto kuhojiwa, ichukue RB hiyo kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na upige tena 116 useme kuwa taarifa ya kwanza haijafanyiwa kazi. Mtoto aendelee na nafasi yake kwenye qaswida kama anaitaka, na asiulizwe na yeyote pale madrasa.

Wallahu a'alam.