Nyie mnaofunga ndoana za manyoya, hebu njooni hapa

Yakhe, jana nimepita dikoni, pale vinapoegeshwa vyombo, nikawaona vijana wanafunga ndoana za kurambazia, zile za manyoya zinazokokotwa nyuma ya chombo, nikatazama weee nikaondoka kimya, maana ningefungua mdomo ningegombana na watoto wa watu. Kwa hiyo nasema hapa.

1. Acheni nafasi nyuma ya tundu ya ndoana. Uzi wa kufungia manyoya usifike kwenye tundu, jamani! Mie nilipokuwa mgeni kwenye chombo cha ami yangu nilikesha nafunga ndoana za nguru, kila moja nazidisha uzi mpaka kichwa kimevimba, naona ndo imara hiyo, na juu yake namimina supagluu. Alfajiri tuko nje ya Kigomasha, rasi ya kaskazini mwa Pemba, ndege wanajitupa majini, vidagaa vinaruka, nguru hao chini yao, mara mshipi ukakatika. Ami anasema lete nyengine. Napitisha waya, haupiti, tundu ishazibwa na uzi na gundi kavu. Nachukua ya pili, hivo hivo. Nikachokoa kwa sindano, sindano ikavunjika ndani. Basi nikatoa kisu nikate uzi kidogo tu, kisu kikashuka mpaka chini, manyoya nusu yako mkononi nusu yanapaa na kaskazi. Ami hakunitukana, bora angenitukana. Alinipa upo tu, kata ya kutolea maji chomboni, akasema, "Fua maji." Nikafua mpaka tunarudi, na chombo chenyewe hakikuwa na maji. Wapo hadi leo wanaoniita Mnyonyoa Kuku.

2. Manyoya ya shingo ya jogoo, laini yale. Yagaweni sawa pande zote, yakilemea upande mmoja ndoana inazunguka na mshipi wote unajisokota, halafu mnasema mkondo.

3. Nguru ana meno, mtilieni waya. Jodari ana macho, waya anauona, huyo nailoni.

4. Nguru anakata mkia wa chambo kwanza. Tieni ndoana ya pili nyuma.

5. Fundo la nailoni litieni mate kabla hamjalikaza, likikazwa kavu linapata moto na nguvu inaondoka.

6. Kichwa cha ndoana pakeni rangi ya kucha, inatosha kabisa kushika uzi, ila nunueni yenu dukani. Mke wangu alijua chupa yake inakoishia siku alipokuwa anamtengeneza nguru jikoni akakuta ndoana kooni, kichwa chekundu kinang'aa. Usiku ule mie nilipakuliwa kichwa na mchuzi, mnofu walikula watoto.