Moshi wa zebaki ukishapotea machoni unaenda wapi?

Swali: Mkuu, sisi tupo mialoni, kule wanakosafishia dhahabu, huku Geita, tukichoma dhahabu moshi wa zebaki unapaa tu upepo unaondoka nao. Kuna wanaosema mvua ya kwanza inaushusha wote, wengine eti ni mzito unatua hapohapo. Nani yuko sahihi?

Jibu: Kila mmoja ana kipande chake. Lile donge la dhahabu na zebaki mnalochoma karibu nusu yake ni zebaki, ikipata moto inatoka kama mvuke wa zebaki tupu, na kiasi chake kinapoa na kurudi vitone vidogo kwenye bati, ukutani, kwenye nguo zako, udongoni. Hicho ndo cha hapohapo, na mapafu yako yameshakula kabla ya bati. Hilo la uzito lisikuchanganye, atomu ya zebaki kweli ni nzito kama mara 7 hivi ya hewa ila ikishatawanyika nje inakuwa chembe chache mno, upepo unaibeba kama unavyobeba harufu ya vitunguu.

Sasa mvua. Mvuke huu na maji haviivi chungu kimoja, hauyeyuki humo kirahisi, mvua inaupita tu, ndo maana unaweza kukaa angani miezi kadhaa na kuzunguka dunia nzima. Ili mvua iukamate lazima zebaki ipoteze elektroni kwanza, na fundi mkuu wa hiyo kazi ni bromini, kemikali ya jamii moja na klorini, ambayo nyingi inatoka baharini. Ila bromini ikiishika zebaki ndoa yenyewe legelege, joto kidogo tu wameachana, mpaka aje wa tatu kama gesi ya ozoni aikaze, hapo ndo inayeyuka kwenye maji na kushuka, na hata hivyo jua linaweza kuibomoa ikarudi mvuke. Kule Alert, kaskazini kabisa ya Canada, mwaka 1995 vipimo vilionyesha jua likirudi baada ya giza la baridi zebaki ya hewani inakaribia kuisha kabisa kwa vipindi, kumbe ni bromini ya kwenye barafu ya bahari.

Watu wanasahau majani. Yanavuta mvuke wenyewe kupitia vitundu vyake, yakidondoka zebaki inaingia ardhini, na nchi kavu njia hii inashusha zebaki nyingi kuliko mvua. Udongo na bahari navyo vinaipumua tena juu, kwahiyo ya leo imechanganyika na ya zamani. Ikifika kwenye tope lisilo na oksijeni bakteria wanaigeuza kuwa methili-zebaki, aina ya zebaki yenye sumu kali inayoingia mwilini kirahisi, hiyo ndo inapanda kwa samaki anayekula samaki.

Na sio kitu kidogo, kwa hesabu za UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, za mwaka 2015 wachimbaji wadogo duniani walichangia karibu 38% ya zebaki yote ambayo binadamu aliipeleka hewani, kuliko hata makaa ya mawe.

Choma kwenye chungu cha chuma chenye mfuniko na bomba linalopozwa kwa maji, zebaki unaipata tena. Ila mdomo wa bomba usiuzamishe kwenye maji, chungu kikianza kupoa kitayanyonya na kinaweza kulipuka.