Maswali Yenu: Fomu ya Simu na Mama Asiyeisoma

SWALI: Bwana Mhariri, assalaam alaykum. Mama yangu hutakiwa kujaza fomu za serikali kwa simu ambayo hawezi kuisoma. Je, kuhamishia huduma mitandaoni kunamsaidia nani? (Msomaji, Wete, Pemba)

JIBU: Waalaykumu ssalaam, ndugu yetu. Swali lako lina uzito, kwani fomu mbovu ya karatasi ikihamishiwa kwenye simu hubaki kuwa fomu mbovu. Uingereza, iliyofungua tovuti moja ya serikali, GOV.UK, mwaka 2012, iliweka kanuni ya kwanza ya usanifu wake kuwa ni kuanzia haja za mtumiaji. Mfano ulio karibu nasi zaidi ni Jamii ni Afya, mpango wa Wizara ya Afya Zanzibar, ambamo anayeshika simu si mama mjamzito bali ni mhudumu wa afya wa kujitolea anayemfuata nyumbani, huku programu ikimwongoza maswali ya kuuliza na dalili za hatari za kumpeleka mgonjwa kituoni. Hapo ndipo penye ubunifu, ingawa wengi huutafuta kwenye rangi za kioo. Kwa mama yako, basi, ningependa kila huduma ya mtandaoni iwe na mtu, pengine katika ofisi ya sheha, wa kumjazia fomu na kumsomea kilichojazwa kabla hakijatumwa.