Maswali na Majibu: Kielezi, Kiwakilishi na Wakati Uliopita Katika Kiingereza

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu sentensi fupi za Kiingereza ambamo mtu anasimulia jambo lililokwisha kutendeka. Tumechagua chache na kuzijibu kwa zamu.

Mwanangu aliandika “She ate quickly the rice” akakosolewa. Kwa Kiswahili tunasema “alikula upesi ule wali” na hakuna anayeshangaa. Kosa liko wapi? (Mzazi, Morogoro)

Kiingereza hakipendi kitenzi kitenganishwe na yambwa yake, yaani kile kinachotendwa. Kielezi cha namna hukaa baada ya yambwa, kama katika “She ate the rice quickly”, au hutangulia kitenzi, kama katika “She quickly ate the rice”. Kikijipenyeza katikati, sentensi huchukiza masikio ya wenyewe. Yambwa ikiwa kiwakilishi, katazo huwa kali zaidi, na “She ate quickly it” haisemwi kabisa.

Sababu ya ukali huo inaeleweka tukitazama jinsi lugha hizi mbili zinavyopanga kazi. Katika “aliula”, kitenzi chetu kimebeba mtenda, wakati na mtendwa kwa pamoja, na hata tukiusogeza wali mwanzoni mwa sentensi, kiambishi -u- bado kinautaja. Kiingereza hakina viambishi vya namna hiyo, kwa hiyo nafasi ya neno ndiyo inayoonyesha nani ametenda na nani ametendwa, na nafasi hiyo hulindwa. Hata hivyo, yambwa ikiwa ndefu sana, kielezi huruhusiwa kuitangulia: “She explained carefully everything that the doctor had told her.” Hapo kukiweka kielezi mwishoni kungemfanya msomaji adhani kwamba daktari ndiye aliyesema kwa uangalifu.

Kwa nini “He picked up the phone” na “He picked the phone up” zote ni sahihi, lakini “He picked up it” si sahihi? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Kakamega)

Neno “up” hapo ni kielezi kidogo kilichoungana na kitenzi na kukibadilisha maana. Nomino inaweza kukaa upande wowote wa kielezi hicho, ila kiwakilishi lazima kikae katikati: “He picked it up”, “She switched it off”, “They called her back”, “We threw them away”. Kiingereza hupenda kumaliza sentensi kwa neno zito au habari mpya, na kiwakilishi kisichotiliwa mkazo hakina uzito huo, kwa kuwa hutaja kitu kinachojulikana tayari.

Ujihadhari tu usitumie kanuni hii kwa vihusishi, ambavyo hufanana sana na vielezi hivyo. Tunasema “She looked after him” na “We waited for them”, wala hatusemi “She looked him after”. Ukitaka kujua uko upande gani, jaribu kuweka nomino kabla ya neno hilo dogo: kwa kuwa “She looked the child after” haiwezekani, “after” ni kihusishi, na kiwakilishi kitabaki nyuma yake.

Mwenzangu kazini aliniandikia “I put the keys there”, nikashindwa kujua kama anasema habari ya jana au kawaida yake. Ningejuaje? (Karani, Mombasa)

Kwa sentensi hiyo peke yake usingejua, na lawama ni ya mwandishi. Vitenzi kama “put”, “cut”, “hit”, “shut”, “cost” na “let” havibadiliki vinapoingia wakati uliopita, na “read” hubadilika katika matamshi tu: hutamkwa “rid” kwa wakati uliopo na “red” kwa uliopita, huku tahajia ikibaki ileile. Kwa vitenzi hivi, kazi ya kuonyesha wakati huangukia maneno ya jirani.

Jirani wa kwanza ni kiwakilishi. Angaliandika “She put the keys there”, jambo lingekuwa wazi, kwa sababu wakati uliopo wa nafsi ya tatu umoja ungedai “puts”. Kukosekana kwa “s” kunatosha kutuambia kwamba tendo limepita. Msaada huo haupatikani kwa “I”, “you”, “we” na “they”, na hapo ndipo kielezi kinapohitajika: “I put the keys there last night” ni ya jana usiku, na “I put the keys there every day” kwa kawaida husomeka kama desturi ya sasa. Lakini si kila kielezi kinaaminika. “Always”, kwa mfano, hukubali nyakati zote mbili, kwa kuwa mtu anaweza kusema “I always put the keys there when I worked at the port”, na hiyo ni desturi iliyokwisha. Ushauri wangu ni kwamba katika maandishi ya ofisini, vitenzi hivi visiachwe bila kielezi kinachotaja wakati wenyewe.

Ukanushaji, kwa upande wake, huondoa utata mara moja, maana “I didn’t put” ni ya zamani na “I don’t put” ni ya sasa. “Did” ikishabeba wakati, kitenzi kikuu hurudi katika umbo lake la msingi, ndiyo maana “She didn’t went” ni kosa.

“Only” ikae wapi? (Mwandishi wa habari, Dodoma)

Karibu na neno linalohusika. “Only she told him yesterday” ina maana kwamba hakuna mwingine aliyemwambia. “She told only him yesterday”, kwamba hakumwambia mwingine. “She told him only yesterday”, kwamba hakumwambia kabla ya jana. Katika mazungumzo, Waingereza waliosoma vizuri husema “She only told him yesterday” kwa maana hii ya mwisho, na mkazo wa sauti huwasaidia. Sioni haja ya kuwasahihisha, ila gazeti halina sauti, na habari ya mahakamani iliyoandikwa hivyo inaweza kusomeka vingine.

Je, “I have seen him yesterday” inakubalika? (Msomaji, Kigoma)

Haikubaliki. Wengi wetu husema “nimemwona jana”, lakini “have seen” haikai pamoja na kielezi cha wakati uliofungwa, yaani uliokwisha kabisa kama “yesterday”. Andika “I saw him yesterday” au “I have already seen him”. Wamarekani husema pia “I already saw him”. Anayejiandaa kwa mtihani unaofuata Kiingereza cha Uingereza abaki na “have”.

Wanafunzi wangu huandika “the book which I bought it yesterday”. Niwaelezeje? (Mwalimu, Tanga)

Waonyeshe “kitabu nilichokinunua jana”, ambamo -cho- na -ki- zote zinataja kitabu kilekile. Kiingereza hukitaja mara moja tu kwa “which”, kwa hiyo “it” iondoke: “the book which I bought yesterday”. Kanuni hiyohiyo huondoa “he” katika “My brother he came late”.